Programu ilisema dai itapiga vipande 8,000, imepasuka kabla ya robo. Nani wa kulaumiwa?

#1 MpigaSululu
Wakuu salaam. Naomba wenye uzoefu wa kufua chuma kwa dai (kalibu ya chuma kigumu inayokipa chuma cha moto umbo) wanisaidie, maana hapa kazini pamechafuka.

Tunafua vichwa vya sululu, vya kilo mbili na nusu hivi. Chuma ni C45 (cha kaboni ya kati), kinapashwa kwenye tanuri la induksheni (la umeme) hadi nyuzi 1,200 kisha kinapigwa kwenye presi ya krenki ya tani 1,000. Dai ni za H13, chuma cha kutengenezea zana za kazi ya moto, cheti kinasema ugumu wake ni HRC 46 hadi 48 (kipimo cha Rockwell). Safari hii bosi alikubali kumlipa mtaalamu wa nje afanye simulesheni ya kompyuta (kuigiza kipigo kwa hesabu) kabla hatujachonga dai mpya. Tukaletewa ripoti ya rangi rangi, nyekundu pale jicho la sululu (tundu la mpini) linapoanzia, bluu kwingine kote, na chini yake sentensi moja: dai ya chini italika kwa nusu milimita baada ya vipande 8,000.

Imepasuka hata elfu mbili haijafika. Kulika haikulika. Ufa umeanzia kona ya jicho ukatokea ubavuni.

Bosi anasema hela ile ingetosha kuchonga dai nyingine. Mchonga dai anasema programu hizi ni za kuwafurahisha wasomi. Mtaalamu naye anasema sisi ndio hatukuitunza dai. Nauliza: hizi programu zinaweza kweli kusema dai itakufa lini, au tumeuziwa picha?

#2 Ngoja_Nivute_Kiti
Bosi wako kapigiwa ramli ya rangi. Nakaa mbele kabisa, wataalamu wanakuja.

#3 BabaFuawe
Kijana, kompyuta tuiweke pembeni kwanza, nijibu ya karakana. Asubuhi mnapoanza kazi, dai mnaipasha au mnaipiga ikiwa baridi? H13 ikiwa baridi haina uvumilivu hata kidogo. Kule karakana ya reli hakuna aliyeruhusiwa kupiga kipande cha kwanza mpaka dai ivuke nyuzi 150, na msimamizi wetu alitaka 250. Tulipima kwa chaki ya joto, ile inayoyeyuka ikifika nyuzi zake. Dai nyingi nilizoziona zikipasuka zilipasuka Jumatatu asubuhi. Wikiendi nzima zimelala baridi, halafu mtu ana haraka.

#4 Dada_Meshi
Shikamoo Baba Fuawe.

@MpigaSululu mimi ndiyo kazi yangu hii, niko kiwanda cha kufua huku Sauerland, Ujerumani. Soma tena sentensi ya ripoti: "italika kwa nusu milimita". Hapo pamezungumzwa kulika peke yake. Kupasuka ni kifo kingine kabisa, na kina hesabu yake. Dai ya kufulia chuma cha moto ina njia nne za kufa: kulika kwa kusuguliwa, kupata nyufa za juu juu kwa sababu ya joto na baridi kupokezana, kubonyea kwa sababu uso umelainika, na kupasuka kwa uchovu wa mapigo. Vitabu vingi hurudia kwamba karibu asilimia 70 ya dai hutolewa kazini kwa sababu ya kulika, ndiyo maana kila mtu hukimbilia hesabu hiyo. Yako imeangukia kwenye hiyo nyingine.

Na nikubashirie alivyopata hiyo 8,000. Amesimulia kipigo kimoja. Programu imempa kina cha kulika kwa kipigo hicho, labda 0.00006 mm. Akachukua 0.5 akagawanya. Angalia kwenye ripoti uniambie.

#5 MpigaSululu
@Dada_Meshi umeniogopesha. Ukurasa wa tisa: 0.00006. Nimegawanya kwa simu, inakuja 8,333.

#6 Ngoja_Nivute_Kiti
Akakata 333 ili aonekane mnyenyekevu 😂

#7 MjukuuWaPune
Tusimchekee sana. Hiyo ni kanuni ya Archard na ndivyo inavyotumika. Nilisoma Pune, India, mji una viwanda vya kufua kila kona. Kina cha kulika ni K (namba ya kulika inayotokana na vipimo) mara shinikizo mara umbali ambao chuma kimeteleza, gawanya kwa ugumu wa dai. Archard aliitunga mahsusi kwa ajili ya dai za kufulia, miaka ya 80, ndiyo sababu programu za simulesheni, DEFORM na wenzake, wameiweka moja kwa moja kwenye menyu. Ukiwa na K sahihi jibu linakuja sahihi.

#8 Msomi_wa_Kimya
@MjukuuWaPune hapo turekebishane. John Archard alichapisha kanuni yake mwaka 1953, akiwa maabara ya Aldermaston, Uingereza, na alikuwa anashughulika na metali mbili zinazosuguana zikiwa kavu. Hakuna chuma chekundu, hakuna kilainishi cha grafaiti, hakuna maji ya kupuliza. Watu wa kufua waliiazima baadaye.

Na DEFORM yenyewe ilitokana na programu iliyoitwa ALPID, iliyoandikwa kwenye taasisi ya utafiti ya Battelle, Columbus, Ohio, mwanzoni mwa miaka ya 80 kwa fedha za jeshi la anga la Marekani. Walikuwa wanahangaika na diski za titani za injini za ndege. Kampuni ya SFTC ikaundwa 1991 kuiendeleza. Swali lao la kwanza lilikuwa chuma kitajaza vipi kwenye dai na tani ngapi zitahitajika. Kwenye maswali hayo programu hizi ni hodari kweli kweli. Hesabu ya uhai wa dai ni chumba kilichoongezwa nyumba ikiwa imeshajengwa.

#9 MjukuuWaPune
Mwaka sawa, nimekuelewa. Hoja yangu ya K inabaki pale pale.

#10 Dada_Meshi
K ndiyo penye shida. K haipatikani dukani. Inategemea chuma cha dai, kilainishi, magamba ya oksidi, joto, hata jinsi uso ulivyong'arishwa. Ukiiongeza mara mbili, maisha ya dai yanakatika nusu, na picha ya rangi haibadiliki hata chembe! Nyekundu inabaki pale pale. Hapo ndipo pa kuiamini: mahali inapoonyesha nyekundu ndipo patakapoanza kulika. Idadi ya vipande uiombe baada ya kupima dai yako mwenyewe iliyokwisha kufanya kazi, ukarudi nyuma kutafuta K yako.

Lingine. Ugumu kwenye kanuni si namba ya kwenye cheti. Uso wa dai ukigusana na kipande cha nyuzi 1,200 unaruka hadi nyuzi 500, 600, pengine zaidi, kisha unapuliziwa unashuka. H13 yako ilipewa tempa (kupashwa tena baada ya kugumishwa, ili isiwe tete) kwa nyuzi mia tano na kitu au mia sita. Kila unapoivusha hapo unaendelea kuitempa bila kujua. Hollomon na Jaffe walishaonyesha mwaka 1945 kwamba joto na muda hujumlishwa pamoja: sekunde chache mara maelfu ya mapigo zinakuwa saa. Kwa hiyo kipigo cha elfu moja hakikuti dai ileile iliyokutwa na kipigo cha kwanza. Ukigawanya nusu milimita kwa kipigo kimoja umeshachukulia kwamba dai haizeeki.

#11 Kereza254
Sasa nyinyi mnaongea kulika na mwenyewe amesema haikulika. Hebu turudi kwa ufa bana.

@MpigaSululu hiyo kona ya jicho mlichonga na nini? Kama ni mashine ya cheche za umeme (EDM), mimi nishajua story. Niko Nairobi, nimechonga dai na mashine hiyo miaka mingi. Cheche ikiyeyusha chuma, inaacha ngozi nyembamba juu, imeganda kwa ghafla, ngumu kupita dai yenyewe na haijapata tempa. Iko na nyufa ndogo ndogo tayari kabla hata dai ipande kwa presi. Ukiacha hiyo ngozi kwa kona inayovutwa, ufa uko na mahali pa kuanzia tangu siku ya kwanza. Dawa ni kung'arisha mpaka ngozi iishe, kisha unairudisha kwa tanuri, nyuzi ishirini na tano hivi chini ya tempa ya mwisho.

Hakuna simulesheni itakuonyesha hiyo. Kwa kompyuta kila kona inang'aa.

#12 MpigaSululu
Najibu kwa pamoja:

@BabaFuawe tunapasha kwa bana (kichomeo) ya gesi, inashikwa na mkono. Muda hatupimi, yule kijana akiona "imepata" anaizima. Upande wa juu tu.

@Kereza254 jicho lilichongwa kwa cheche, ndiyo. Sehemu nyingine zilikerezwa kwa mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta). Kona kweli inaonekana na vinundu kama haikusuguliwa.

Radiasi (mviringo) ya kona kwenye mchoro ni mm 3. Nimepima kwa geji, haifiki 2.

#13 BabaFuawe
Upande wa juu tu! Umepasha ngozi, tumbo bado ni barafu. Nimemaliza mimi.

#14 Kereza254
Na mimi nimemaliza. Radiasi chini ya 2 badala ya 3, na cheche juu yake. Kesi imefungwa.

#15 Ngoja_Nivute_Kiti
Mahakimu wawili, hukumu mbili, mshtakiwa mmoja. Endeleeni.

#16 Mafuta_na_Grafaiti
Wakuu, mnasahau kilainishi. Ukipuliza grafaiti ya maji vizuri msuguano unashuka, tani zinashuka, joto linalopenya kwenye dai linashuka, mkazo wa kona unashuka. Tatizo lenu dai linamwagiwa maji tu. Wenye kuhitaji grafaiti bora waje PM, mikoani tunatuma.

#17 Ngoja_Nivute_Kiti
Nilijua tu kuna duka limejificha kwenye uzi huu.

#18 Dada_Meshi
Ana duka lakini hajasema uongo. Wengi huweka msuguano wa 0.3 kwenye programu wakiamini kuna grafaiti. Ukipiga kavu ni 0.7 au zaidi. Na joto linalopita kutoka kipande kwenda kwenye dai, DEFORM huanza na namba yake yenyewe usipobadilisha. Nina uhakika wa kutosha mtaalamu wako aliviacha hivyo vyote kama alivyovikuta.

Mnaweza kupima msuguano wenu hapo hapo kiwandani bila hela. Kerezeni pete za C45 zenye uwiano wa 6:3:2, yaani kipenyo cha nje, cha ndani na urefu, kwa mfano mm 60, 30 na 20. Zipasheni kama sululu, zipigeni katikati ya dai mbili bapa zilizopuliziwa kama mnavyopulizia siku zote. Tundu likipanuka, msuguano ni mdogo. Likijifunga, ni mkubwa. Male na Cockcroft walichapisha grafu zake mwaka 1964 na zinatumika mpaka leo.

#19 MpigaSululu
Hiyo ya pete naifanya wiki hii hii. Asante sana dada.

#20 Mzee_wa_Takwimu
Nimesoma kimya kimya mpaka hapa, na naona mnagawana nyama ya mnyama ambaye hajachinjwa. Dai moja imepasuka. Moja! Kwa dai moja huwezi kusema programu imekosea, huwezi kusema cheche, wala bana ya gesi. Uchovu wa chuma hutawanyika sana: chukua dai kumi kutoka bonge moja la chuma, zichongwe na mtu mmoja, zipigwe kwa presi moja, ya kwanza itakufa mapema mno na ya mwisho itawashangaza. Mtu anayetoa namba moja, 8,000, bila kusema "kuanzia hapa mpaka hapa", hajafanya utabiri. Dai za zamani za sululu hiyo hiyo zilikufaje na baada ya vipande vingapi? Kuna daftari?

#21 MpigaSululu
Daftari lipo ila linaandika vipande vya zamu, haliandiki dai ipi ilikuwa kwenye presi.

#22 Mzee_wa_Takwimu
Basi.

#23 BabaFuawe
Nimerudi, nimekumbuka jambo. Presi ni ya krenki. Kijana, vipande vyenu mnavikata kwa nini, msumeno au mkasi? Na mnavipima uzito?

#24 MpigaSululu
Mkasi, Baba. Uzito tunapima kimoja kimoja tukikumbuka. Vingine vinazidi, gramu 50, 80, mia.

#25 BabaFuawe
Sasa sikiliza. Nyundo ya kuanguka ikikuta chuma kingi, inasimama juu kidogo, kazi inaharibika lakini dai inapona. Krenki haijui kusimama. Inateremka mpaka chini ya mzunguko wake, lazima ipite. Chuma kilichozidi hakina pa kwenda ila kubanwa nje kwenye ule mdomo mwembamba wa dai, na kadiri kinavyobanwa kinapoa, kikipoa kinakuwa kigumu, tani zinapanda.

Piga hesabu ya haraka. Sululu yako urefu nusu mita, upana wastani mm 40. Eneo mm za mraba 20,000. Weka shinikizo la 450 kwa kila milimita ya mraba, ni nyutoni milioni tisa. Tani 900 na ushee. Presi yako ni 1,000! Hujabaki na nafasi ya gramu mia. Kila kipande kizito kilikuwa kinatafuta pa kupasulia.

#26 Dada_Meshi
Baba, hii nimeipenda. Na simulesheni ilipewa kipande chenye uzito kamili wa mchoro, sivyo? Mimi hufanya tatu kila mara: pungufu, kamili, na zidi kwa asilimia 3 au 4. Ile ya kuzidi ndiyo huwa inatisha.

#27 MjukuuWaPune
Wote mnakimbia joto. Nyuzi 300 za tofauti kati ya uso na tumbo la dai si mchezo. Elastiki ya chuma 210,000, mara kupanuka 0.000012, mara 300, gawanya 0.7. Inatoka MPa 1,080, yaani nyutoni 1,080 kwa kila milimita ya mraba. Bado presi haijagusa kitu! Uso unataka kupanuka, tumbo linaukatalia. Ukisha kulainika na kubonyea kidogo, kisha ukapuliziwa maji, unataka kusinyaa, sasa unavutwa. Vutwa, bonyezwa, vutwa. Nyufa hizo zinajitokeza kama ardhi ya mbuga wakati wa kiangazi, na moja kati yake ikidondokea kwenye kona, imeshapata presi ya kuisukuma. Kwa nini tusiseme ni joto?

#28 Kereza254
Kwa sababu nyufa za joto huja nyingi, zimetapakaa. Jamaa amesema ufa ni mmoja.

#29 MjukuuWaPune
Amesema anaouona. Apake dai-peneti, ile rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, ndipo tubishane.

#30 Mhunzi_wa_Ufipa
Nyie watu wa nyuzi na milimita, babu zetu Ufipa walisimamisha malungu (tanuri) ya udongo marefu kumzidi mtu, wakayeyusha chuma, wakafua majembe juu ya fuawe ya jiwe. Mnamjua aliyewafanyia simulesheni?

#31 Ngoja_Nivute_Kiti
Simulesheni yao ilikuwa babu mwenyewe, ukikosea unapigwa na koleo.

#32 Msomi_wa_Kimya
@Mhunzi_wa_Ufipa umegusa penye maana kuliko ulivyokusudia. Mhunzi hana dai iliyofungwa. Nyundo yake ni huru, chuma kikipoa anaona rangi imezimika, anakirudisha motoni. Habanwi na umbo. Tatizo la uzi huu limeletwa na kutaka kila sululu ifanane na mwenzake kwa kipigo kimoja.

#33 BabaFuawe
Na wahunzi wa sasa wanafua springi za lori. Chuma kizuri kile, msiwadharau.

#34 MpigaSululu
Wakuu, nimerudi na habari. Nimepaka peneti. Kwenye kona ya jicho kuna ule ufa mkubwa, na pembeni yake vijistari vifupi vifupi kama vitano, vyote vinaelekea upande mmoja. Kwingine kwenye uso pako safi, ila ule mdomo mwembamba wa kutolea chuma kilichozidi una utando wa nyufa.

Tumeufungua ufa wenyewe. Karibu na kona pana sehemu ndogo nyeusi, laini, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, ina mistari ya mawimbi. Iliyobaki yote ni ya chembechembe, inang'aa.

#35 Kereza254
Kidole kidogo! Imeanzia kwa kona kama nilivyosema. Vijistari vitano ni ngozi ya cheche.

#36 Dada_Meshi
Sehemu nyeusi yenye mawimbi ni uchovu, ufa ulikuwa unatembea pole pole kila kipigo, na weusi ni oksidi, maana yake ulikuwa wazi kwa muda. Chembechembe inayong'aa ni pale dai ilipoachia kwa mara moja. Angalia uwiano: ukucha mmoja wa uchovu, kisha dai nzima. Ufa mdogo hivyo haukutakiwa kutosha kumaliza dai ya H13 iliyopikwa vizuri na yenye joto. Kwa hiyo ama chuma hakina ushupavu, ama kilikuwa baridi, ama kipigo cha mwisho kilikuwa kikubwa kupita kiasi.

#37 Ngoja_Nivute_Kiti
Kwa hiyo dada umewapa ushindi watu watatu kwa mpigo. Siasa za Ulaya hizo.

#38 Kibaha_Mtulivu
Mimi naongeza wa nne. Mna uhakika gani ni H13? Cheti kinaandikwa na yeyote mwenye printa. Nilipokuwa kiwanda kimoja, jina nalihifadhi, tulinunua bonge lenye cheti safi, tulipolipeleka kupimwa kromiamu haikukaribia hata asilimia 3. H13 inatakiwa kuwa 5 na kidogo, molibdenamu moja na kidogo, vanadiamu karibu moja. Kata kipande kidogo peleka TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, pale Msasani au chuo chochote chenye kipimo, waulize pia ugumu wa katikati, msiridhike na wa juu.

#39 Mafuta_na_Grafaiti
Na tempa alipewa mara ngapi? H13 inataka mbili kwa uchache. Wengine wanabana umeme wanatoa moja.

#40 Ngoja_Nivute_Kiti
Muuza grafaiti leo kaja na hoja bila PM. Dunia inakwisha.

#41 Mtaka_Hesabu
Naomba kuuliza. Hivi simulesheni ingeweza kuukamata ufa huu kama ingefanywa vizuri? Au kazi yote ni bure? Maana bosi wa huyu ndugu anasubiri jibu hilo, hana habari na kromiamu.

#42 Dada_Meshi
Ingeweza kukamata mahali. Siku, hapana.

Kwa kawaida simulesheni ya kwanza huichukulia dai kuwa kitu kisichopinda kabisa, ili kompyuta isichoke. Chuma kinajaa, unapata tani. Kisha unachukua nguvu zile za kipande, unazihamishia kwenye dai iliyo hai, inayopinda, na kuuliza mkazo uko wapi. Hatua hii ya pili watu huiruka. Ukiifanya, kona ya jicho ingewaka kama taa, kwa mvuto. Hata hivyo namba ya mkazo ingetegemea meshi, yaani vijiboksi ambavyo kompyuta huigawa dai. Ukiweka vijiboksi vya mm 4 kwenye radiasi ya mm 3, kompyuta haioni kona, inaona ngazi. Ukiweka vya nusu milimita mkazo unapanda. Na kama umechora kona kali bila radiasi, kila ukisaga meshi mkazo unazidi kupanda, haufiki mwisho.

Huku kwetu tulikuwa na dai ya mkono wa usukani, ikifa kila mara upande mmoja. Programu ilituonyesha mvuto kwenye kona, tukaikata dai vipande viwili hapo hapo kwenye kona, tukaiingiza kwenye pete ya kuibana. Ufa hauna pa kuanzia tena, maana pale pameshakatwa. Inakufa kwa kulika sasa, kifo cha heshima. Lakini msimamizi wetu mzee alishasema "ikateni hapo" kabla sijawasha kompyuta, na hilo bado ananikumbusha kila tukinywa kahawa.

#43 BabaFuawe
Mpe salamu zangu huyo mzee.

#44 Kereza254
Hiyo pete ya kubana iko sawa kwa dai ya duara. Ya sululu ni ndefu, nusu mita. Unabana aje mstatili mrefu hivyo? Pembe zitakula kila kitu na katikati hapabanwi.

#45 Dada_Meshi
Usibane dai nzima. Toa eneo la jicho peke yake liwe kipande cha duara kinachochomekwa. Tuseme kipenyo mm 200, tundu la pete inayokizunguka lifanye dogo kwa mm 0.4. Pete ukiipasha hadi nyuzi 400 inafunguka karibu mm 0.9, kipande kinazama chenyewe, ikipoa imeshika. Faida nyingine, jicho likifa unabadilisha hilo peke yake.

#46 Kereza254
Na kwa ule mshono kati ya kipande na dai, chuma cha moto kitaingia kitaacha alama kwa kila sululu. Mteja atakubali?

#47 MpigaSululu
Sululu inapakwa rangi nyeusi, mteja hataona. Bosi ndiye ataona gharama.

#48 Mtaka_Hesabu
Na hizo programu za kulipia si za mchezo. Hakuna ya bure?

#49 Msomi_wa_Kimya
Kwa chuma kutiririka na kujaza dai, wekeni akiba mlipe: DEFORM, Forge ya Transvalor ya Ufaransa, QForm, Simufact. Kwa hatua ya pili aliyoieleza dada, mkazo ndani ya dai, CalculiX ni ya bure, iliandikwa na wahandisi wawili wa MTU, kampuni ya injini za ndege kule Munich. FreeCAD inaiita yenyewe. Chora nusu ya dai, weka shinikizo la Baba Fuawe la 450 kwenye uso wa jicho, weka radiasi 3, kisha weka 1.8 uone tofauti. Laptopu ya kawaida inabeba.

#50 Mzee_wa_Takwimu
450 ni wastani wa dai nzima. Ndani ya jicho ni zaidi. Msije mkafungua uzi mwingine.

#51 MpigaSululu
Hatua tulizokubaliana kazini: dai mpya inachongwa na radiasi 4 kwenye jicho, cheche inasuguliwa yote, bana mbili juu na chini pamoja na chaki ya joto, vipande vizito vinatengwa. Chuma kimepelekwa kupimwa.

#52 Mzee_wa_Takwimu
Mmebadilisha vitu vinne kwa pamoja. Ikidumu, hamtajua kipi kimeiokoa.

#53 MpigaSululu
Mkuu, ikidumu sitauliza.

#54 Karasha_Geita
Nimechelewa ila ngoja nami nipenyeze langu. Tunataka kufua mipira ya vyuma ya kusagia mawe ya dhahabu, kwa zile roli mbili zenye mifereji ya kuzunguka, fimbo inaingia upande huu, mipira inadondoka upande wa pili. Nayo kanuni ya Archard inatufaa au tutaishia kama hawa wa sululu?

#55 Dada_Meshi
@Karasha_Geita kwako inafaa zaidi kuliko hapa. Roli zinasuguana na chuma muda wote, hakuna kipigo kimoja kikubwa, na zinapozwa kwa maji mfululizo, kwa hiyo zitalika kabla ya kupasuka, hasa kwenye ncha za ule ukuta unaokata mpira. Anza na daftari: kila mara pima kipenyo cha mpira na urefu wa ncha, andika mipira mingapi imepita na roli ipi. Ukishakuwa na vipimo vya roli moja mpaka mwisho wake, nitumie, nitakutafutia K yako.